Nilivyojifanya fundi wa vikapu mbele ya wageni wa kisiwani, mama mkwe akanivua nguo live

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Asiyeamini afike Tunduma, aulizie fremu zangu pale Chapwa, ataletwa mpaka mlangoni.

Mimi shule niliishia la nne. Nimesukuma toroli pale boda, mpakani, nimebeba mizigo ya Wazambia mpaka bega likainama. Leo nina fremu tatu na page yangu online. Sijafundishwa na mtu, page nimefungua mwenyewe.

Humo naposti vikapu vya mianzi. Siku moja akanicheki dada mmoja, Zuhura, meneja wa hoteli ndogo kwenye kisiwa kule upande wa Mafia. Kisiwani kwao mifuko ya nailoni hawaitaki kabisa, kwa hiyo kila chumba wanataka kikapu, mgeni aende nacho sokoni.

Akauliza, "Nani anasuka?"

Nikajibu, "Mimi mwenyewe dada. Ni kipaji."

Wakuu, hapo ndipo nilipoharibu.

Anayesuka ni mama mkwe wangu, yuko Isongole. Vibanzi vya mianzi anavikausha juu ya moshi wa jiko mpaka vinakuwa kahawia. Mimi hata kitako cha kikapu sijui kinaanzia wapi.

Zuhura akasema wageni wake wanataka kuona kikisukwa, live. Wakiridhika, order yangu. Wasiporidhika, kuna jamaa wa mkoa mwingine anasubiri.

Sasa kwa ukoo wa mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, na hawasemeshani. Miaka kumi na tisa ya ndoa, yule mama namjua kwa mgongo na kwa kikohozi. Salamu zote zinapita kwa mke wangu, mama Neema.

Ningempa mama Neema simu ashike yeye, mambo yangeisha. Lakini mimi bosi nimeshajisifia, nitaficha wapi sura?

Nikapanga hivi: tunaenda Isongole na mama Neema, nasimama mlangoni kwa mama mkwe, mgongo nimempa yeye, simu naipitisha juu ya bega inamulika nyuma. Wageni waone mikono tu, mimi niongee.

Nimevaa na kofia ya cowboy, nipendeze.

Live ikaanza. Zuhura akasema, "Kaka, tunaona bati na kuku. Mikono iko wapi?"

Nikashusha mkono. "Sasa tunaona sikio lako."

Wageni wanacheka, jasho linanitoka. "Kaka, si unasuka wewe? Mbona umesimama?"

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe anamwambia binti yake, "Mwambie baba Neema aweke simu juu ya kinu, atoke. Ananizibia mwanga."

Nikaweka, nikatoka. Nikajibanza nyuma ya jiko kama mwizi wa mahindi.

Zuhura akamuuliza, "Mama, yule mwanaume ni nani?"

"Mkwe wangu. Kusuka hajui. Kuuza anajua."

Kicheko kilichotoka kwenye ile simu, wakuu, kuku walikimbia.

Wakamuuliza mbona nimekimbia, akawaeleza mila yote huku mikono haisimami. Alipomaliza kitako wakapiga makofi. Order tukapata, kwa sharti moja: kila kikapu kiwe na kikaratasi chenye jina la aliyesuka. Si langu.

Nimejifunza: usijivike kazi ya mtu mwingine, hasa kama mwenyewe yuko nyuma yako anasikia. Na mteja wa leo hanunui kikapu peke yake, anataka na mikono iliyokisuka.

Sasa mama mkwe ana simu yake. Wiki iliyopita ikaingia voice note. Nikamuuliza mama Neema kama inaruhusiwa. Akafikiri, akasema, "Hamjaonana. Sikiliza."

"Baba Neema, mzigo umefika salama, Zuhura kaniambia. Umefanya vizuri. Ila ile kofia usiivae tena."

Miaka kumi na tisa, ndiyo mara ya kwanza ananisemesha mimi.

Nimeirudia mara nne. Kofia nimempa bodaboda.

Haya, wenye wakwe na biashara za mtandaoni, na kwenu voice note inaruhusiwa? Semeni, ila kuhusu kofia mniache.