Ukimya Ambao Kanisa Liliupongeza

Ni asubuhi ya Jumamosi, Bwegera, katika bonde la Ruzizi. Noella Uwamahirwe amevua viatu mlangoni, ameketi kwenye mkeka na Mama Annie, na wote wawili wanachambua mchele katika ungo mmoja. Bado hajauliza lolote kuhusu ugonjwa wa Chadrack, mwana wa Mama Annie.

"Tukichambua pamoja, mama hanioni kama mtu wa ofisi," anaeleza baadaye.

Noella, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mhamasishaji wa afya kutoka Rugenge, Uvira. Kwa miaka sita ametembelea familia ambazo kijana wao ameanza kusikia sauti wasizozisikia wengine. Posho yake inatosha pikipiki na sabuni. Familia ikikubali, habari za jinsi ugonjwa ulivyoanza huondolewa jina, kisha huunganishwa na nyingine kutoka vituo vya mbali. Watafiti huzisoma pamoja ili dalili za mwanzo zijulikane na wengine watibiwe mapema.

"Chadrack alikuwa namna gani zamani?" anauliza hatimaye.

Mama Annie anacheka. "Huyo? Kelele! Alikuwa anapiga ngoma ya korali ya kanisa mpaka jirani wanalalamika. Akitoka ku shamba ya mpunga, ni kuimba tu."

"Na sasa?"

"Sasa iko mutu ya Mungu. Anafunga, anaomba peke yake mu chumba. Kanisa yote inamusifu. Ila juzi alisema chakula yangu iko na sumu."

Mikono ya Noella inasimama. Nyumbani kwao, kando ya ziwa, kabla maji hayajapanda na kumeza kibaraza walichokalia jioni, kaka yake Lionel alikuwa mwimbaji. Aliponyamaza na kuanza kufunga, majirani walileta sukari kumpongeza mama yao. Miaka minne ikapita kabla hawajampeleka kwa daktari. Leo Lionel ametulia, anashona nyavu. Haimbi tena.

"Nikisikia sauti inayofanana na yake kanisani, nageuka," anasema Noella.

Habari ambazo yeye na wenzake wamekusanya zimewaonyesha wauguzi kwamba familia nyingi huhesabu ugonjwa tangu siku kijana alipoanza vurugu. Ukimya uliotangulia hawautaji, maana waliufurahia.

Noella anapomweleza hayo, Mama Annie anakubali kumpeleka mwanawe kituo cha afya. Kutoa habari zake kwa watafiti, hapana. "Nani atamupa mutoto yangu bibi wa kuoa? Jina itafika mpaka Bujumbura!"

"Jina haitatoka, mama. Na dawa atapata hata mukikatala. Lakini mwenye habari ni yeye. Tumuulize."

Chadrack, miaka kumi na tisa, amesimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba.

"Muandike," anasema. "Mama, haiko maombi. Iko watu banasema mu kichwa. Minye nafunga ili banyamaze."

Mama Annie anaweka ungo chini. "Kumbe, mwanangu? Na minye nilikuwa najivuna!" Anasogea kwenye mkeka, anapigapiga nafasi kando yake kwa kiganja, na kijana anatoka na kuketi.

Jumatatu wataenda kituoni wote watatu. Baada ya hapo Noella anataka kuzungukia viongozi wa korali za bonde lote la Ruzizi, kwa sababu hao ndio wanaojua nani ameacha kuja mazoezi.

"Wasiseme tu amekua kiroho," anasema. "Wanipigie simu. Kumwombea, tutamwombea pia, tukiwa njiani kwenda kwa daktari."