Kaboni Wanne na Kinyozi

Mkamwana wangu aliingia nyumbani kwangu akiwa mshona mito, mpole wa sura, king'ang'anizi wa moyo. Alisoma akinyonyesha, akasoma akipika. Sufuria ngapi zimeungua nikanyamaza. Alipofuzu akapewa darasa la kemia la jioni la watu wazima, kwa majaribio. Mkaguzi akaja akakuta wanasinzia, mlinzi wa geti anakoroma kabisa. Akasema atarudi mara moja tu. Wakisinzia tena, mwalimu arudi kwenye mito yake.

Siku ya mkaguzi kurudi nikaenda mwenyewe, nikakaa mbele. Nani angesinzia nami nipo?

Mkamwana wangu akatusimamisha. Kaboni, akasema, ana mikono minne, na hakuna unaokaa bure. Nikamwambia mkaa ndio kaboni, na mkaa nimeuuza yeye hajazaliwa, kwa hiyo mimi wa kwanza. Tukashikana wanne: mimi, fundi baiskeli, mama mboga, mlinzi mwishoni. Kinyozi akaning'inia pembeni kwa mama mboga. Penye mkono uliobaki tukabanwa kibanio cha nguo, ndio haidrojeni. Mimi vitatu, nikawa kamba ya kuanikia.

Mnyororo wa wanne ni butani, akaeleza, na tawi la kinyozi ni methili. Tunahesabu kuanzia ncha iliyo karibu na tawi. Akaanza kwa mlinzi: tawi liko kwa wa pili, jina mbili-methilibutani. Mimi nikawa wa nne!

Nikagoma. Kijana yule hanitangulii hata kwenye foleni ya maji. Darasa likaangua kicheko, mkaguzi akashika kalamu. Mkamwana wangu hakurudi nyuma.

"Mama," akasema, "kanuni haina shikamoo."

Kuomba radhi sikuzaliwa nako. Nikamgeukia kinyozi. "Wewe, mwachie mama wa watu. Njoo umshike fundi, hapa jirani yangu."

Akahama, na kibanio kimoja cha fundi kikaenda kwa mama mboga. Sasa tawi liko upande wangu: mimi moja, fundi mbili. Mwalimu akacheka mpaka chaki ikamdondoka. Akauliza, jina limebadilika? Darasa zima likaimba: mbili-methilibutani, ileile! Ngazi ukiigeuza ni ngazi ileile.

Mkaguzi akainuka. "Na kinyozi akimshika bibi?"

Akajibu mlinzi, yule wa kukoroma. "Hapo tawi hakuna, mzee. Mnyororo unakuwa wa watano. Pentani."

Mkaguzi akampa mkamwana wangu mkono, kazi ni yake. Watu wakashangilia, vibanio vikaruka huku na huku. Mimi nilikuwa namkazia macho kinyozi asithubutu kunigusa, maana angenifanya wa pili.