Moto Uliotoka Chini ya Mbao

Sogea karibu, wewe unayenisoma, maana jambo hili huwa silisemi kwa sauti kubwa. Kuna harufu moja ambayo hadi leo, nikiwa bibi mwenye wajukuu, ikinifikia puani mwili unasisimka kabla akili haijajua ni kitu gani. Ni kama harufu ya kabichi iliyosahauliwa ndani ya gunia pamoja na kitunguu kilichooza. Wengi wenu mnaijua: ni gesi ya kupikia. Ninyi mkiisikia mnasema mtungi unavuja. Mimi nikiisikia namwona mama yangu mdogo, Nyangeta, amesimama kwenye mlango wa boti nyeupe na khanga begani. Nitawaeleza alivyokufa. Nitaeleza taratibu, ili kila mmoja aone ni wapi angeweza kuokolewa.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Uhuru, Azimio limeshatangazwa na watu wazima wanaitana ndugu hata waliokuwa hawapendani. Tulikaa Kitaji, Musoma, na Nyangeta, mdogo wake mama, alikaa nasi. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyesimamia kinu cha pamba upande wa Bunda. Mzungu huyo na mkewe walikuwa na boti yao ya kutembelea ziwani siku za Jumapili. Ndani yake, chini, kulikuwa na chumba kidogo chenye jiko la gesi. Watu wawili hawakuweza kusimama mle bila kugongana viwiko.

Nyangeta alikuwa mtu wa kuchekesha. Akirudi jioni alituhadithia habari za jiko lile lisilo na moshi. "Nikipikaga pale machozi hayatoki," alisema, "mpaka najiona kama sijapika." Alituambia pia kwamba yule mama wa Kizungu, kila kabla ya kupika na kila baada ya kupika, alipiga magoti mwenyewe, akafungua kabati la chini, akazungusha kitu, akafunga. Hakumruhusu Nyangeta kuligusa kabati lile. "Ananifungia sukari," Nyangeta alisema, na sisi tukacheka. "Anaogopa nitamwibia. Mimi hata chai ya sukari nyingi siipendagi!"

Hakuwa anafunga sukari. Ndani ya kabati ndimo ulimokaa mtungi wa gesi, na alichokizungusha ni koki yake. Lakini hakumwambia mpishi wake sababu, na mpishi hakuuliza, kwa kuwa mtu anayedhaniwa mwizi haulizi habari za kabati.

Kisha Wazungu wale waliondoka nchini. Boti ikaangukia mikononi mwa ofisi moja ambayo sitaitaja, na ofisi ikawachukua Nyangeta pamoja na Mzee Masatu, nahodha. Kwa Nyangeta hiyo ilikuwa furaha kubwa. Alisema sasa anawapikia watu wake mwenyewe. Koki ya mtungi ilifunguliwa siku mtungi mpya ulipounganishwa, na tangu hapo haikufungwa tena. Jiko likawa linawashwa na kuzimwa kwa vitufe vyake vya mbele tu.

Sasa nieleze jambo la nyumbani kwetu, maana bila hilo hamtaelewa. Bibi yetu mzaa mama aliishi Bugwema, na katika nyumba yake moto haukuzimika. Chakula kikiiva, kuni zilivutwa, makaa yakafunikwa kwa majivu, na mtu akiyapuliza saa yoyote yanaamka. Mwanamke aliyekwenda kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto alisemwa njia nzima. Bibi aliwaambia binti zake, "Watu wakiwa bado wanakula, moto usilale." Nyangeta alikua na maneno hayo. Isitoshe, viberiti wakati ule viliadimika dukani, na ulichokipata kilikuwa na njiti nusu zisizo na vichwa. Kwa hiyo alipopika kwenye jiko la gesi hakulizima. Alilipunguza mpaka moto ukawa kama shanga za samawati, akauacha ukae hivyo bila chungu juu yake, akiusubirisha kama makaa ndani ya majivu.

Jumapili ile mama alikuwa amekwenda Bugwema kupalilia pamba, basi Nyangeta akanichukua. Ofisi ilikuwa na wageni, na mmoja wao namkumbuka vizuri, Ndugu Chacha kutoka Tarime, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Tulikwenda mpaka kisiwa kimoja chenye mawe makubwa. Njiani Nyangeta alikaanga sato na kuku, na harufu ya vitunguu ikatufuata juu ya maji. Tulipofika, Mzee Masatu alifunga boti kwenye jiwe, wageni wakashuka kunyoosha miguu, na Nyangeta akashuka nasi akiwa na sufuria ya wali. Kule ndani aliacha zile shanga za samawati zikiwaka.

Hatukuwa tumekula sana wakati Mzee Masatu alipoonyesha ziwani kwa kidevu. Kutoka mbali ulikuwa unakuja moshi wa rangi ya udongo, umesimama wima kutoka majini hadi angani. Wageni walidhani ni moto. Sisi tulijua ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaofanana na mbu lakini hawaumi, wanaozaliwa mamilioni kwa pamoja. Wakikukuta mdomo wazi, umeshiba. Nyangeta alikimbia botini akafunga vidirisha vyote, akashusha kifuniko cha juu, akabana mlango, ili wasiingie kwenye kuku na maziwa. Upepo unaowatangulia wadudu ulishafika. Nakumbuka ulivyompeperushia khanga. Akarudi mbio, tukajibana nyuma ya mawe, nguo usoni, tukangoja.

Upepo ule ndio uliozima moto jikoni, kabla hajamaliza kufunga. Hakuona. Moto uliopunguzwa kiasi kile haupigi kelele ukiwaka, wala haupigi kelele ukizimika. Gesi ikaendelea kutoka kimya kimya, ndani ya chumba kilichofungwa kila upande, muda wote tuliokaa nyuma ya mawe.

Wadudu walipopita tulirudi. Mawe yalikuwa yanateleza kwa mizoga yao. Nyangeta alifungua mlango wa boti, na ile harufu ikatoka. Ndugu Chacha, aliyekuwa ameshapanda, akaziba pua.

"Nyie watu wa ziwa! Hata siku ya wageni mmeficha samaki waliooza?"

"Samaki wetu ni wazima, ndugu," Mzee Masatu alijibu. "Hiyo ni viatu vyako. Umekanyaga zizi gani asubuhi?"

Watu walicheka. Wengine waliisikia harufu wakanyamaza, kwa kuwa si adabu mgeni kulalamikia harufu ya jiko la mwenyeji. Nyangeta aliona aibu. Sikilizeni sasa alichofanya, maana watu walimwita mzembe na hakuwa mzembe. Aliingia akaona moto umezimika, akakifunga kitufe cha jiko. Alifungua vidirisha vyote na kifuniko cha juu. Alisimama katikati ya chumba akapepea kwa khanga mpaka jasho likamtoka. Akavuta pumzi kwa pua, akavuta tena. Harufu ilikuwa imekwisha.

"Nanyi mngoje chai!" alipaza sauti. Kisha akaniita mimi, "Mwanangu, njoo uchukue vikombe."

Nilikuwa nakwenda. Mzee Masatu alinishika bega. "We mtoto, osha miguu kwanza, umejaa wadudu." Nikainama kando ya jiwe kuosha miguu.

Haukuwa mlio kama wa bunduki. Ulikuwa mlio mzito, mfupi, kama godoro lililoangushwa kutoka juu, na kifua changu kikausikia kabla ya masikio. Kifuniko cha juu kiliruka. Nilimwona Nyangeta akitoka mlangoni, na nguo yake ilikuwa inawaka kuanzia chini kwenda juu. Alijitupa majini. Mzee Masatu akamfuata na nguo zake zote. Ndugu Chacha, aliyekuwa amekaa mlangoni miguu ikining'inia ndani, alipiga yowe moja na hakutaniana na mtu tena siku ile. Aliungua miundi yote miwili.

Boti ya wavuvi ndiyo iliyoturudisha mjini. Njia nzima Nyangeta alikuwa akitetemeka, na mtu akimgusa kumfunika alikuwa akisema, "Taratibu, tafadhali," kama mgeni.

Hospitalini niliruhusiwa kumwona mara moja. Uso wake ulikuwa karibu mzima. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa amefunikwa kwa chandarua kilichoinuliwa ili kisimguse. Aliniangalia, akanong'ona, "Harufu ilikuwa imeisha, mwanangu. Niliangalia." Alilirudia hilo kwa kila aliyeingia, kama mtu aliye mbele ya baraza. Alikufa kabla ya juma kwisha.

Kitaji walisema mengi. Moto wa kawaida, walisema, unashika mikono na uso wa mpishi. Huu uliwapanda watu kutoka miguuni, kwa hiyo umetoka ziwani, na ziwa halichukui mtu bila sababu. Wengine walisema Mzungu aliacha bomu chini ya mbao kwa uchungu wa kuondoka. Bwana mmoja wa ofisini alikuja msibani, akala, akasema kwa upole kwamba hawa wapishi hawasikii wanachoambiwa. Hakuna aliyemuuliza aliambiwa nini, na lini. Bibi yetu aliporudi Bugwema alianza kuuzima moto wake kwa maji kila jioni, na asubuhi alikwenda kwa jirani na kigae, kichwa chini.

Mimi nilikuja kuelewa nikiwa chuoni, nikisomea ualimu. Mkufunzi alituambia, kama anayetaja jambo dogo, kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Hebu tulielewe pamoja, si gumu. Gesi ikitoka haipandi kama moshi. Inamwagika kama maji usiyoyaona, inatafuta pa chini. Nyumba ina upenyo chini ya mlango, basi sehemu yake hutoka. Boti haina, boti imetengenezwa makusudi isiwe na tundu chini, ni bakuli. Gesi ilipita katikati ya mbao za sakafu ikatuama humo chini, pale yanapokaa maji machafu. Nyangeta alipofungua vidirisha alisafisha hewa ya kichwani, hewa ya pua yake. Ile ya miguuni ilibaki. Njiti ilipowaka, moto ulishuka kuitafuta, kisha ukapanda na watu. Ndiyo sababu miguu.

Hivyo hakukuwa na ziwa wala bomu. Kulikuwa na mtungi ulioachwa wazi, na mwanamke aliyefunzwa vizuri kutunza moto wa aina nyingine, na mtu mmoja aliyejua tofauti ambaye alidhani si lazima kumweleza mpishi. Kwa miaka mingi nilimkasirikia huyo wa mwisho. Siku hizi naona vijana wetu wa Musoma wanakodi boti kwenda visiwani kusherehekea, wamebeba mtungi mdogo wenye jiko juu yake, muziki umefunguliwa, na sitaki kukaa na kujua peke yangu kama yeye.

Basi shika haya, na usione haya kuuliza mara mbili. Mtungi ukae nje, juu, penye upepo, usikae chumba cha chini. Jiko lisiachwe linawaka bila mtu. Ukimaliza kupika, funga koki ya mtungi kwanza, acha gesi iliyobaki kwenye mpira iungue mpaka moto ufe wenyewe, kisha funga kitufe cha jiko. Na ukisikia ile harufu ndani ya chombo, hata kidogo, hata ikiwa imeisha: usiwashe kiberiti, taa wala injini; funga mtungi, shusha watu wote nchi kavu, fungua kila kitu, fungua na mbao za sakafu, na asirudi mtu ndani mpaka upepo umepita chini kabisa.