Twiga wa Mwanafunzi Mwenye Mvi

Juzi nilirudi Wamunyu kulivunja banda la baba, kwa sababu kaka yangu mdogo anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Nilijikaza mpaka nilipofika kona ya nyuma, pale baba alipokuwa akiketi kuchonga. Chini ya mabati yaliyoanguka palikuwa na gunia limefungwa kwa kamba ya katani. Sikulifungua mara moja. Ngoja kwanza nikueleze kilichonitia woga.

Utoto wangu ulinukia vumbi la jakaranda na rangi ya viatu tuliyopaka vinyago. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi, kisha tezo, vile vishoka vya wachongaji, zikaanza, ko, ko, ko, kila banda na mwendo wake, nami kwa kusikia tu ningekuambia ni fundi yupi amelala vibaya. Baada ya shule kazi yangu ilikuwa kupiga msasa. Tezo haikushikwa na wasichana. Ukiigusa unafukuzwa kama kuku.

Nikiwa darasa la tano, mkono wa kulia wa baba ulianza kufa ganzi. Tezo ilimponyoka mara mbili kwa siku, kisha ikawa haina hesabu. Kaka alikuwa bado ananyonya. Baba akahangaika kutafuta mwanafunzi wa kumrithisha kazi. Vijana walikuja, wakapiga msasa wiki moja, wakaenda zao kuendesha bodaboda. Nilimsikia mama akiomba Mungu jikoni huku ugali ukiungua.

Aliyekuja mwisho alikuwa na mvi. Alitoka Yatta, ambako mahindi yake yalikuwa yamekauka misimu miwili mfululizo, na alimzidi baba umri. Sisi watoto tulicheka mpaka tukashika mbavu.

"Fundi, mimi niko na watoto sita," alisema, kofia mkononi. "Nifunze haraka. Siwezi rudi nyumbani mikono mitupu."

"Haraka gani, mzee? Hii mti haijui kama uko na njaa," baba akamjibu. Lakini alimpa kigoda siku hiyo hiyo.

Mafundi wetu walikuwa na desturi moja. Mwanafunzi akimaliza mnyama wake wa kwanza, mnyama huyo huwekwa katikati ya wale wa mwalimu wake, na wachongaji wa mabanda yote huitwa wamtambue. Wakishindwa, mwanafunzi hupewa tezo yake mwenyewe, naye ni fundi tangu hapo. Baba alikuwa ameshatia mpini tezo mpya. Mkono wake ulikuwa umebakiza miezi tu, na bila yule mzee hapakuwa na mwingine wa kulishika banda na kutulisha.

Na twiga wake alikuwa mzuri, nakuapia. Nilimpenda yule mzee pia, kwa maana alinigawia muhogo wake wa kuchoma na kuniita mwalimu mdogo. Asubuhi moja kabla ya siku ya mafundi kuja, baba na yule mzee wakiwa wameenda kuleta magogo, nilimkuta twiga kivulini, amefungwa ndani ya gunia lenye unyevu. Nikadhani amesahauliwa. Rangi haishiki mti mbichi, hilo nililijua. Basi nikatandika leso yangu juu ya mawe, nikamlaza juani akauke, kisha nikakimbia shule. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba jakaranda hukaushwa polepole, gizani, na kwamba jua huipasua. Kazi hiyo haikuwa ya wasichana.

Jioni nilimkuta amepasuka kutoka shingoni hadi tumboni. Nikamrudisha guniani, na leso nikaisahau pale pale.

Kesho yake fundi wa kwanza hakuhitaji hata kuinama. Alitia kidole kwenye ufa.

"Nani alianika hii kwa jua?" baba aliuliza.

Yule mzee aliniangalia. Nilikuwa nimeshika karatasi ya msasa, nalia bila sauti.

"Ni mimi, fundi," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Baba alimfukuza mbele ya wenzake wote, nami sikufungua mdomo. Wiki chache baadaye baba alifunga safari ya Yatta akiwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Alirudi nacho. Nyumba ya yule mzee ilikuwa imefungwa, alimwambia mama, na majirani hawakujua ile familia imehamia wapi. Kabla ya Krismasi mkono wa baba ulikufa kabisa, na mama akaanza kufulia watu nguo.

Siku hizi mabanda mengi pale yamefungwa. Nilisimama asubuhi nzima nikingoja kusikia tezo, nikasikia redio ya jirani tu.

Mwishowe nilifungua gunia. Tezo ilikuwemo, bado ndani ya gazeti lake, haijawahi kugusa mti. Kando yake alikuwamo twiga, amefungwa vizuri kwa kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa leso yangu.

Kumbe baba aliiokota pale kwenye mawe. Alijua. Miaka yote ile, mpaka tulipomzika, tulikunywa chai meza moja, na mara nyingine alikuwa akiweka kikombe chini na kunitazama, akisubiri. Nami nilikuwa nikimuuliza kama nimwongezee sukari.