Sehemu ya pili ya Mwami wa Vilindini ilivyonikata maini kule Fizi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni bibi wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, macho yameanza kunitoroka, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe. Chumvi sitaongeza, yanatosha yalivyo.

Nimesoma uzi wa binti mmoja humu analia kwamba kile kitabu chake cha mapenzi na mfalme wa giza, sehemu ya pili imemharibia wiki nzima. Wengi mkamcheka.

Mimi sikucheka. Yalinikuta miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatutawala, na kitabu cha hadithi sikuwahi hata kukishika.

Sisi tulikuwa na Mama Nalukuli.

Huyu mama alikuwa fundi wa hadithi, lakini hakusimulia bure. Unakuja jikoni kwake na kisu chako, unamenya muhogo wake, naye anasimulia. Muhogo ukiisha, hadithi inakatika hapo hapo. Hata kama mtu ameanguka kutoka juu ya mti, atabaki hewani mpaka mavuno mengine.

(Hadithi za mchana zilikatazwa, tuliambiwa utaota pembe. Yeye alifunga mlango wa jiko akasema humu ndani ni usiku. Nilijipapasa kichwa kila jioni, sikuona kitu.)

Msimu ule alitusimulia Mwami wa Vilindini. Mfalme anayekaa chini ya ziwa, jina lake halijulikani, akipita samaki wananyamaza. Akamchukua msichana mtoni. Msichana akamchukia. Halafu akamchukia kidogo. Halafu, wakuu, tukaanza kumeza mate.

Kumbe Mwami ameapa kuzamisha kijiji cha yule msichana. Basi msichana akaiba kisu, akamwendea amelala, akakiweka kifuani pake. Mwami, bila kufumbua macho, akasema:

"Choma. Lakini kwanza..."

Muhogo ukaisha.

Kosa lilikuwa letu. Kwa uroho wa kusikia tulimenya mbio mbio, tukajikatia utamu wenyewe. Mama Nalukuli akajifuta mikono, na wiki ile ile akahamia Fizi, juu milimani, kwa kaka yake.

Baraka nzima wanawake wakabaki wanaulizana kisimani: kwanza nini?

Sasa, wakati huo huo nilikuwa nimeletewa posa, jibu bado sijatoa. Kijana anaitwa Alimasi, muuza samaki, mpole, masikio makubwa. Kila tukiwa jikoni kwa Mama Nalukuli yeye alikuwa nyuma ya ukuta anashona nyavu. Shangazi yangu akaniambia, "Ule kijana anakupenda sana, haachi ule ukuta." Nikavimba kichwa.

Lakini kumtaka, hapana. Nilikuwa nimeshaonja Mwami wa Vilindini. Ningemtaka vipi mtu ambaye samaki wake hawanyamazi, wananuka tu?

Baba akasema wajomba wa Alimasi wanataka jibu, wamechoka kuja. Nikamwambia, "Baba, nikisikia mwisho wa hadithi, nitajibu."

Baba alinitazama sana. Akasema nipande Fizi na shangazi, nikirudi nina jibu, nikikosa atajibu yeye. Na kwa kuwa njia ni ndefu na mzigo wa ndakala, dagaa wa zawadi, ni mzito, akamtafuta mtu wa kuubeba. Mnamjua.

Njiani sikumsemesha.

Fizi tukakuta Mama Nalukuli na rundo la muhogo kama kichuguu, na wanawake wa huko wamekaa tayari na visu vyao. Shangazi akaninong'oneza, "Leo tunamenya pole pole."

Alimasi naye akaomba kisu. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akajikata. Mwanaume kumenya muhogo! Akaketi, akamenya.

Mama Nalukuli akakohoa, akaanza.

"Choma. Lakini kwanza... twende kwenye bureau ya serikali tukaandikishwe ndoa."

Nilidhani anatania.

Hakutania. Mwami wa Vilindini akatoka ziwani, akaandikishwa. Akaanza kulipa kodi. Akanunua viatu. Kile kiapo cha kuzamisha kijiji? Alikisahau. Jina lake, lile ambalo tungekufa kulijua? Karani aliliandika, hatukuambiwa. Akanunua baiskeli. Wakuu, Mwami wa Vilindini, akipita samaki wananyamaza, akawa anapiga kengele ili mbuzi wampishe. Kisha akalima maharage.

Yalielezwa sana, yale maharage. Mistari yake, palizi yake.

Nikasikia jikoni visu vinaenda kasi. Wote tulikuwa tunamenya ili iishe. Shangazi, yule wa pole pole, alikuwa anatupa maganda mpaka mlangoni. Nami machozi yananitoka, na hakuna kitunguu cha kusingizia.

Mara Alimasi akasimama.

"Hapana, Mama! Ile haiko hadisi yetu! Mwami anaweza aje kupanda kinga ya kupiga kengele? Na kile kisu? Kisu kilienda wapi? Mi nilisikiya yote kule Baraka, nyuma ya ukuta, sikukosa hata siku moja!"



Kumbe hakuwa ananifuata mimi. Alikuwa anafuata hadithi. Niliona aibu, nikatamani niingie chini ya maganda. Halafu nikamtazama. Alikuwa amesimama na kisu mkononi, na hasira yake ilikuwa yangu kabisa.

Mama Nalukuli hakukasirika. "Mi nakaa karibu na bureau sasa. Kila siku naona bamama banakuja kulia juu ya mabwana yabo. Sijaona hata mumoja analia juu ya bwana mwenye kulima maharagi."

Jibu zuri, sikatai. Hadithi haikupona.

Wakati wa kushuka nilimsemesha. Nikamuuliza: kwanza nini, kwa akili yako?

Akafikiri mpaka tukapita mto. Akasema, "Choma. Lakini kwanza kula, tangu jana haukukula."

Nikamwambia huo ni upuuzi, Mwami hawezi kusema hivyo. Angesema, "Kwanza nitazame." Tukabishana mpaka Baraka, shangazi anatufuata nyuma anacheka peke yake. Baba akaniuliza jibu hata sijatua mzigo. Nikasema ndiyo.

Funzo langu ni hili, vijana: usimdharau mtu anayekasirikia kitu kile kile unachokikasirikia. Wa kufurahi nao ni wengi.

Tulibishana miaka yote ya ndoa. Nikinuna, ananiletea sahani: "Kwanza kula." Nami namwambia bado umekosea.

Mwaka juzi Alimasi alifariki, na hakukubali. Sasa nimebaki na mwisho wangu, nimeshinda, na hakuna anayenibishia. Sikujua ushindi una ubaridi hivi.

Basi andikeni hapa chini. Kisu kiko kifuani, Mwami amefumba macho: kwanza nini? Mkubaliane nami mkitaka, lakini nawaomba, hata mmoja wenu, anibishie.