Mjomba Alivyopunguza Miaka Minane

Mjomba wangu alistaafu kazi ya makontena Kurasini, akafiwa na mkewe, akaapa haoi tena. Kisha akashonesha kanzu kwa mama mmoja wa Tegeta, fundi cherehani, mjane kama yeye. Tangu hapo kanzu ile haikuisha kasoro. Wiki hii shingo inabana, wiki ijayo kifungo kimelegea.

Mwishowe akanituma niwe mshenga. Yule mama akanijibu, "Mie sina neno, ila asizidi sitini na tano. Nimeshauguza mzee mmoja, inatosha."

Mjomba ana sitini na nane.

Siku mbili alikuwa kanuna. Siku ya tatu tulikaa barazani kwetu Mwananyamala, nikawa namsomea mambo ya kwenye simu nimchangamshe: eti mwaka mmoja uleule wa kale, ambao kwa kalenda ya ofisini ni 700, kwa Hijria ni 80 kuingia 81, kwa Wayahudi 4460, na kwa Wahabeshi 692.

"Rudia hapo kwa Wahabeshi."

"Mia sita tisini na mbili."

Akahesabu vidole. "Wamepunguza minane! Basi kwa Wahabeshi mie nina sitini kamili."

"Mjomba, hesabu haiendi hivyo."

"Vaa viatu twende."

Kufika Tegeta akaeleza yote kwa kituo, mie nikinyanyua simu kama ushahidi. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alisikiliza, mkasi mkononi.

"Ulizaliwa Uhabeshi?"

"Hapana, Mwananyamala."

"Haya. Na huko kwa Wahabeshi, mwaka uliozaliwa wewe haukupunguzwa minane?"

Mjomba akanitazama mie. Mie nikatazama dari.

"Sisi Waislamu bwana," yule mama akaendelea, akanigeukia mie. "Kwa Hijria ana mingapi?"

Miaka ya mwezi ni mifupi. Nikapiga hesabu. "Sabini."

"Umeingia na sitini na nane, unatoka na sabini!" Akacheka mpaka mkasi ukamdondoka, akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. "Mwongo wa namna hii simhofii. Nitamkamata kila siku kabla ya chai."

Walioana baada ya Idi. Lakini siku ile ile mie nilirudi nyumbani peke yangu. Mjomba alibaki anamshikia kitambaa kisiteleze, na alikuwa anakishika vibaya.