Gari la wajawazito lililolala siku tatu kwa fundi Zagabe

Saa moja asubuhi, Panzi, kusini mwa mji wa Bukavu. Mvua imekatika alfajiri, lakini udongo bado unang'ang'ania viatu. Ndani ya Mercedes ya mwaka 1979, mwanamume mmoja amelala chali, kichwa kwenye pengo la dashibodi iliyong'olewa, miguu imetokeza nje ya mlango. Bisibisi ameibana kwa meno. Mikono yote miwili imezama gizani, inapapasa.

Baada ya dakika kadhaa anatoka kinyumenyume, mkononi ana kitu chenye ukubwa wa nusu tofali, chenye mapezi membamba ya shaba yaliyoota ukoga wa kijani. Anakitia ndani ya ndoo ya maji, anaziba tundu moja kwa kizibo cha mti, na kwenye tundu la pili anaingiza hewa kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yanapanda.

"Sikia," anasema. "Iko nalia."

Huyu ni Placide Zagabe, mwenye umri wa miaka 52, fundi wa magari kwa miaka thelathini. Zamani karakana yake ilikuwa na mafundi sita. Leo yuko peke yake. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, wenye magari mapya waliyavusha mpaka au waliyaficha, na yaliyobaki barabarani ni yale ambayo hata mwizi hayatamani. Wiki nzuri humpatia dola thelathini. Wiki mbaya humpatia viazi vitamu.

Kile alichokitoa kwenye Mercedes, mafundi wa hapa hukiita radiateur ya chauffage: rejeta ndogo inayokaa nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini hupita ndani yake, feni huipuliza, na hewa yenye joto hupanda hadi kwenye kioo cha mbele. Ikitoboka, zulia la gari hulowa, na mvuke wenye harufu ya sukari iliyoungua hugandia kioo kama mafuta.

Kuibadilisha kunachosha. Kwenye magari ya zamani ni lazima kung'oa dashibodi nzima. Kuikwepa ni kazi ya dakika ishirini tu: unachomoa mipira miwili ya maji upande wa injini, unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, basi. Uvujaji umekwisha. Joto nalo limekwisha.

"Bantu banasema chauffage ni kitu ya bazungu, ya baridi ya Ulaya," anasema Zagabe huku akijipangusa mikono. "Hapana. Chauffage ni macho ya gari. Mvua ikinyesha huku kwetu na hauna chauffage, kioo inafunga. Uko naendesha ndani ya maziwa."

Hayo hakuyasoma kitabuni. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe aliikwepa rejeta hiyo kwenye kila gari lililoletwa, na wateja walimshukuru kwa haraka yake. Gari mojawapo lilikuwa la mdogo wake.

Pascal Zagabe alikuwa akibeba nyanya kutoka Kamanyola hadi Bukavu kwa pikapu ya zamani. Mwaka 2016 rejeta ndogo ya pikapu ile ilitoboka, na kaka mtu akaunganisha mipira kwa kipande cha bomba na waya, wakacheka, wakanywa soda. Siku kumi na moja baadaye Pascal aliteremka Ngomo, barabara ile yenye kona juu ya kona na shimo upande mmoja, mvua ikimwagika. Kijana aliyekuwa akimpakilia mizigo aliponea kwenye vichaka. Alisema dereva alikuwa akipangusa kioo kwa kofia, anashika usukani, anapangusa tena. Mara ya tatu barabara haikuwapo.

"Hakuna aliyenishitaki," anasema Zagabe. "Maman yetu alikufa bila kuyua. Lakini mimi nayua ni mukono ya nani ilifunga ile tuyau, ile mupira ya mayi."

Siku ya mazishi ya Pascal aliapa kwamba hatamkatia mtu joto la gari lake tena. Mteja akitaka haraka, aende kwa fundi mwingine. Kwa karibu miaka kumi hakuvunja kiapo hicho, hadi Aprili ya mwaka huu.

Jumatatu moja ya mwezi huo, Peugeot 504 ya mwaka 1981, ile ndefu ya kubebea mizigo nyuma, iliingia karakanani ikitoa mvuke. Dereva alikuwa Maman Virginie Nabintu, mkunga mstaafu wa miaka 63 kutoka Nyangezi. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Constantin. Gari la wagonjwa la kituo cha afya cha kijijini kwao lilichukuliwa na watu wenye silaha siku mapigano yalipopita, na tangu siku hiyo Maman Virginie aling'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, akaanza kuwateremsha wajawazito hadi hospitali ya mjini. Aliwahesabu: arobaini na mmoja. Hakuna aliyefia njiani.

"Bamaman banatapika juu ya harufu," alimwambia Zagabe siku ile. "Na miaka yangu ile, macho tayari ni mabaya, na kioo inafunga. Fundi, funga tu izo tuyaux, nirudi leo."

"Maman, na mvua hii? Utaendesha uko naona nini?"

"Nitapangusa."

Zagabe anasema neno hilo lilimwingia kama sindano. Alimsimulia habari za Pascal, mambo ambayo huwa hamwambii mteja. Kisha akamwomba siku tatu: Jumatano jioni gari lingekuwa tayari, na joto lake.

Maman Virginie alihesabu kwa vidole. Kijijini kulikuwa na wajawazito wawili waliokaribia. Mmoja, Charlène, alikuwa na miaka 24 na mimba ya kwanza. Kwa hesabu ya Maman Virginie, zilibaki siku kumi.

"Niliizungusha hesabu mara mbili," anasema leo, ameketi kwenye benchi lile lile la karakana. "Miaka thelathini na sita niko nazalisha. Nilikosea na siku nane."

Aliacha ufunguo, akaenda kulala kwa bintiye anayeishi Bagira, humo humo mjini.

Kazi haikwenda kama Zagabe alivyofikiri. Dashibodi ilitoka vizuri, lakini rejeta ilipoguswa ilimong'onyoka kama mkate mkavu. Bukavu nzima hakupata nyingine. Ile ambayo zamani angeiagiza ng'ambo ya mpaka ingechukua wiki. Jumanne alikata rejeta ya basi dogo lililokufa, akaipunguza, akaichomelea midomo ya ile ya zamani kwa lihamu ya bati. Aliijaribu ndooni. Ikalia. Akaanza upya.

Jumatano saa nne asubuhi Maman Virginie alikuja kuangalia kazi imefika wapi. Dashibodi ilikuwa chini, juu ya gunia. Nyaya zilining'inia kama matumbo. Hapo simu yake ikalia. Alikuwa Gloire, muuguzi wa kituo cha afya cha Nyangezi.

Charlène alikuwa amejifungua mtoto wa kike tangu saa moja asubuhi. Mtoto alikuwa mzima. Damu ya mama haikusimama.

"Nilimuangalia tu fundi," anakumbuka Maman Virginie.

Zagabe alitupa kando rejeta yake, akaruka kwenye injini. Alichukua mipira miwili, akakata kipande cha bomba, akaunganisha, akakaza. Alijaza maji. Alifunga kwa mikono yake kitu alichoapa kutokukifunga tena, na anakumbuka kwamba ilimchukua dakika kumi na nne.

Waliondoka pamoja, Maman Virginie kwenye usukani, Zagabe kando yake. Hawakuwa wamemaliza nyumba za mwisho za Panzi mvua ikaanza. Kioo kikafunga. Zagabe akavua shati, akapangusa. Kioo kikafunga tena. Kwenye kizuizi, mwenye bunduki aliinama dirishani, akaziona nyaya zinazoning'inia na mwanamume kifua wazi, akawapungia mkono wapite.

"Nilikuwa napangusa na kumuona Pascal," anasema Zagabe. "Kila nikipangusa, Pascal."

Kule Nyangezi hawakuweza kungoja. Destin, mume wa Charlène, mpanda mihogo na mfyatua matofali, alimfunga mkewe kwa mablanketi mawili, akampakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, akamshika kifuani ili asianguke. Njia ni matope. Waliteleza mara moja, wakasimama, wakaendelea.

Vyombo hivyo viwili visivyofaa vilikutana kwenye kona moja yenye kibanda cha kuuzia makaa. Pikipiki ilikuwa imesimama. Destin alikuwa amekaa chini ya paa la kibanda, miguu ameinyoosha, kichwa cha mkewe mapajani. Maman Virginie alishuka, akapiga magoti kwenye matope, akaweka vidole viwili shingoni kwa Charlène. Aliviacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Damu ilikuwa bado moto kwenye blanketi," anasema. "Yeye hapana."

Walimlaza kwenye godoro la nyuma, wakapanda na gari hadi Nyangezi. Zagabe aliendelea kupangusa kioo njia nzima. Destin hakulia hadi alipomwona mama mkwe amesimama mlangoni na kichanga begani.

Usiku ule Zagabe aliliteremsha gari hadi karakanani, na Alhamisi alirudi kwenye ndoo. Rejeta haikutoa hata povu moja. Aliirudisha ndani, akafungua ile mipira aliyoiunganisha, akarudisha dashibodi. Kioo kilisafika kwa dakika mbili. Jumamosi, siku iliyofuata maziko, alilipeleka gari Nyangezi mwenyewe, na hakupokea malipo.

Gisèle, mkewe, anazikumbuka wiki zile. "Anaomba chakula. Ninamuletea. Kiisha anasahau kukula, anaangalia mikono yake."

Wiki mbili baadaye Destin alikuja Panzi kwa miguu. Zagabe alidhani amekuja kupigana, na anakiri kwamba angependelea hivyo. Kijana alivua kofia.

"Papa Zagabe, niko na swali moja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Kama ungefunga izo tuyaux siku ya kwanza, gari ingekuwa kwetu ile asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na ingefika hospitali?"

"Siyui. Mvua ilikuwa mingi sana, na Maman Virginie hangeona. Pengine mungeanguka bote. Lakini ingekuwa pale."

Destin aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akaondoka. Hajarudi tena.

Maman Virginie naye hajamtakasa fundi, wala hajamhukumu. "Sikumuambia ni kosa yake. Sikumuambia pia kwamba haiko kosa yake. Mimi mwenyewe ningesema nini na ile hesabu yangu?" Tangu hapo gari lake limebeba wajawazito tisa, wote wamefika. Harufu imekwisha, godoro ni kavu, na kioo ni safi hata mvua ikipiga namna gani. "Muguu yao inafika iko moto," anasema. "Lakini pale kwa makaa, mimi huwa napunguza mwendo."

Karakanani mambo yamebadilika. Zagabe hang'oi tena dashibodi ya mtu kabla ya kuwa na rejeta nyingine mkononi, imechomelewa na imejaribiwa. Mwenye Mercedes ya leo alingoja wiki mbili akiendesha gari linalovuja, na alinung'unika, lakini litafungwa leo hii kabla ya saa tisa.

Jumapili, baada ya misa, fundi huyu hupanda teksi hadi Bagira. Huko, nyuma ya nyumba ya marehemu dereva aliyeitwa Cirhuza, kuna 504 nyingine ndefu ambayo kuku walitagia mayai kwa miaka tisa. Familia imempa bure, ilimradi aiondoe. Injini ilikuwa imeganda. Alimimina mafuta, akangoja, akazungusha kwa spana ndefu Jumapili baada ya Jumapili, na mwezi uliopita ikakubali kuzunguka. Sasa inakosa kabureta, magurudumu mawili na kioo cha mbele. Rejeta yake ya joto ameshaitengeneza.

Anataka iwe Nyangezi kabla ya mvua za Septemba, ikae kituoni, isimngojee mtu. Muuguzi Gloire ameanza kujifunza kuendesha. Maman Virginie humfundisha kwenye uwanja wa shule, na anasema mwanafunzi wake anakanyaga breki kama anaua nyoka.

Je, anafanya hivyo ili Destin amsamehe? Zagabe anatikisa kichwa. Anainama, anaokota rejeta ya Mercedes, anamwaga maji yaliyobaki ndani.

"Ule mutoto banamuita Colombe," anasema. "Ni mwanamuke. Atakomaa, na siku moja naye atazaa, kule kule juu. Siku ile gari zikuwe mbili."